Kosa la Kiwandani au Kipigo cha Mtaani? Namna ya Kukagua Sarafu Yako Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila siku. "Kaka, nina mia mbili simba wake hana uso, naiuza wapi?" "Jero yangu (mia tano) imebonyea ukingoni, hii si ndiyo ya mamilioni?" "Mia ya Nyerere imekuwa nyeupe, nimeambiwa nisiiachie kwa bei ya chini." Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyaweka yote hapa. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke, na mengi utayamaliza mwenyewe ukiwa umekaa mezani kwako.

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: sarafu nyingi mnazonionyesha zimeumia mtaani tu. Hapa Dar sarafu inaishi maisha magumu. Konda anaichezesha kiganjani kutwa nzima akidai nauli, jioni inalala kwenye ndoo ya muuza samaki kule Feri, kesho yake fundi anaifanya bisibisi, keshokutwa mtoto anaiponda kwa jiwe aone itakuwaje. Ukiikuta na kovu, mshukiwa wa kwanza ni mtaa. Kiwanda ndicho kinachohitaji ushahidi.

Sarafu inavyotengenezwa, kwa ufupi

Nadharia sitaki kukuchosha nayo, ila hii kidogo utaihitaji kila hatua. Kiwandani, bamba refu la metali hukatwa visahani vitupu. Kila kisahani hupitishwa kwenye mashine inayokibana pembeni ili ukingo uinuke kidogo. Kisha hukaa kati ya mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu, ndani ya pete inayokizuia kisitanuke. Mihuri inakibana kwa nguvu ya tani nyingi, picha na maandishi yanatokea pande zote mbili kwa pamoja, na sarafu inatolewa. Sisi hatuna kiwanda hicho nchini. Benki Kuu huagiza sarafu zetu nje.

Kwa hiyo kosa la kweli lina milango mitatu tu: kisahani kilikuwa kibovu, muhuri ulikuwa mbovu, au ugongaji wenyewe ulienda kombo. Jambo lolote lililoipata sarafu baada ya kutoka kwenye pete ni uharibifu. Ukiona kitu cha ajabu, jiulize: mashine ingefanyaje hadi itokee hivi? Ukishindwa kueleza, hesabu kuwa ni uharibifu, hata kama moyo haukubali.

Andaa hivi kwanza

Lenzi ya kukuza mara kumi, kama wanayotumia masonara na mafundi saa. Kariakoo inapatikana. Kamera ya simu inafaa kumwonyesha mwenzako, lakini usiitumie kutoa hukumu, kwa sababu inanoa picha yenyewe na kukutengenezea mistari ambayo haipo.

Mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ya jikoni haifai. Kama huna, muombe sonara wa mtaani kwako, wengi hawana neno.

Sumaku. Ya spika mbovu inatosha kabisa.

Tochi, hata ya simu, na kitambaa laini cha kutandika mezani ili sarafu isiumie mikononi mwako.

Venia ya kupimia kipenyo, ukiwa nayo. Mafundi wa Gerezani wanazo, na kupima ni dakika moja.

Halafu kitu ambacho wanaoanza hukidharau kuliko vyote: sarafu za kulinganishia. Tafuta nyingine za thamani ileile na mwaka uleule, kumi hivi au zaidi, kutoka kwa Mangi wa dukani, muuza maji, au konda anayetaka kupunguza uzito mfukoni. Bila hizo unabahatisha. Huwezi kujua kwamba kitu si cha kawaida kama hujui cha kawaida kikoje.

Hatua kwa hatua

1. Usiisafishe. Ndimu, magadi, Jiki, soda, majivu, steelwire ya masufuria, vyote viache. Ngozi ya juu ya sarafu ndiyo inayobeba ushahidi: mng'ao wake wa asili, rangi iliyoingia taratibu kwenye mikunjo ya herufi, uchafu uliojaa ndani ya mkwaruzo. Ukisugua umefuta kila kitu, na hata ikiwa kweli ilikuwa kosa la kiwandani, umeishusha thamani kwa mikono yako. Kama ina matope, iloweke kwenye maji ya kawaida, iinue kwa ukingo, iweke juu ya kitambaa ikauke yenyewe. Basi.

2. Ijue sarafu yenyewe. Andika thamani, mwaka na herufi yoyote ndogo unayoiona. Hapa wengi huanguka kabla hata ya kuanza, kwa sababu wanaita kosa kitu kilichokusudiwa.

Mifano ya kwetu ni mingi. Shilingi moja ya mwaka 1966 hadi miaka ya mwanzo ya themanini ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na sumaku haiishiki. Shilingi moja ya kuanzia 1987 ni chuma kilichovikwa nikeli, na sumaku inaidaka. Mtu anazikuta mbili kwenye kopo la bibi, moja inanasa na nyingine hainasi, anapiga kelele kwamba amepata kosa. Metali ilibadilishwa tu.

Au jero yetu ya nyati, iliyoingia mtaani 2014. Upande wa nyati kuna alama ya usalama iliyofichwa. Ukiichezesha kwenye mwanga inaonyesha 500 au BOT. Kuna waliokuja kwangu wakisema jero yao "imegongwa mara mbili" kwa sababu ya alama hiyohiyo.

Sarafu za zamani za Afrika Mashariki zina herufi ndogo za viwanda: H ni ya Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Za Mjerumani utakuta A ya Berlin au J ya Hamburg. Na heller 20 (heller ndiyo ilikuwa senti ya Mjerumani) za mwaka 1916 zenye T ziligongwa Tabora wakati wa vita, koloni likiwa limefungiwa njia za baharini. Zilitengenezwa kwa haraka, kwa shaba na brasi iliyopatikana, kwa hiyo herufi zake zimekaa kienyeji na hazilingani. Hilo ni umbo lake la kuzaliwa. Ukikuta ya Tabora imenyooka na kung'aa kama ya jana, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

3. Pima uzito, kisha sumaku, kisha kipenyo. Usiitafute namba mtandaoni kwanza. Pima zile za kulinganishia moja moja, uone zinachezea wapi, kisha pima yako. Tofauti ndogo ni kawaida, maana sarafu iliyozunguka miaka mingi inalika.

Uzito peke yake tayari unakuondolea mashaka mengi. Sarafu iliyokanyagwa na treni ni pana na nyembamba, lakini uzito wake uko palepale. Iliyotafunwa na tindikali ina kipenyo kinachokaribia kuwa sawa lakini ni nyepesi waziwazi. Iliyopakwa rangi au kuchovywa inaweza kuzidi kidogo. Iliyogongwa kwenye kisahani cha sarafu nyingine, ambalo ndilo kosa la kufurahisha kuliko mengi, hutofautiana uzito na kipenyo kwa pamoja, na mara nyingi namba zake zinaangukia sawasawa kwenye sarafu nyingine inayojulikana. Ikiwa haziangukii popote, poa kwanza.

4. Anza na ukingo na ubavu, siyo picha. Kila mtu hukimbilia uso wa Nyerere. Wewe anza pembeni, kwa sababu pembeni ndiko uongo unakoonekana haraka.

Chukua mfano wa sarafu iliyomegeka upande mmoja kama imeumwa. Kosa la kweli la aina hii hutokea pale bamba linaposogea vibaya na kikataji kikakata juu ya tundu lililokwishakatwa. Kisahani kinatoka kina pengo la mviringo kabla hakijagongwa. Weka lenzi kwenye pengo. Kwenye kosa la kweli, herufi zilizo karibu na pengo zinafifia na kuvutika kuelekea pengoni, kama wino uliokokotwa, kwa sababu metali ilitiririka kwenda penye nafasi. Sasa zungusha sarafu uangalie ukingo ulio mkabala kabisa na pengo. Mara nyingi utakuta umelala, hafifu, kama umesahauliwa. Sababu ni kwamba mashine ya kuinua ukingo hubana pande mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukiwa na pengo, wa pili haupati shinikizo.

Aliyekata kwa msasa wa umeme au mkasi wa bati hajui habari ya upande wa pili. Pengo lake lina mistari ya msasa, herufi zimekatika ghafla zikiwa na unene wao wote, na ukingo wa mkabala umesimama imara. Hapo huna haja ya kuuliza mtu.

Ubavuni nako, yaani kwenye unene wa sarafu, tazama mistari au ulaini wake na ulinganishe na wenzake. Sarafu iliyogongwa bila pete hutanuka, ubavu wake huwa mtupu, lakini picha ya katikati hubaki na ukubwa wake wa kawaida. Iliyopondwa kwa nyundo au kulazwa relini imetanuka pamoja na picha: uso wa mtu umekuwa mpana, herufi zimelala.

5. Laza mwanga, uulize: imeinuka au imezama? Zima taa ya dari. Shika tochi chini karibu na meza ili mwanga upite juu ya sarafu kwa mlalo, kisha izungushe taratibu.

Muhuri ukipata ufa, metali ya sarafu huingia ndani ya ufa huo. Kwa hiyo ufa wa muhuri huonekana kwenye sarafu kama mstari *ulioinuka*, usionyooka sana, mara nyingi ukianzia ukingoni na kupita kwenye herufi bila kuzikata. Muhuri ukimeguka kabisa pembeni, sarafu inapata donge lisilo na picha, limeungana na ukingo. Mkwaruzo wa mtaani huwa *umezama*. Ukishika kanuni hii moja tu umeshapunguza nusu ya kazi.

Lakini Dar ina ubishi wake, na hili sijaona likielezwa vya kutosha. Sarafu zetu nyingi za sasa ni chuma kilichovikwa: mia ni chuma chenye ngozi ya brasi, jero ni chuma chenye ngozi ya nikeli. Ngozi ikitobolewa hata kidogo, jasho na hewa ya chumvi vinaingia, chuma kinashika kutu chini kwa chini, na kutu inavimba. Unapata kipele kilichoinuka, na mtu aliyesoma kanuni ya juu anashangilia. Tazama kilele cha kipele kwa lenzi. Cha kutu kina tobo au ufa mdogo, na pembeni yake pana doa la kahawia au rangi ya chungwa. Ukikiangalia tena baada ya miezi ya mvua utakuta kimekua. Donge la muhuri lina ngozi ileile na mng'ao uleule wa sarafu nzima, halina doa, na litabaki vile.

6. Uliza metali imekwenda wapi. Hili ndilo swali ninaloliamini kuliko yote. Metali haipotei hivihivi. Ukikwaruza kwa msumari, iliyotoka kwenye mfereji inalundikana pembeni kama udongo kando ya jembe. Ukigonga kwa kitu kizito, inasukumwa na kuinua sehemu ya jirani, na mara nyingi upande wa pili nao unabonyea au kulainika. Kwa hiyo pekua kingo za kovu. Ukiona kilima kidogo kando ya bonde, ni kipigo.

Kosa la kiwandani halina kilima. Grisi ikiziba herufi ndani ya muhuri, herufi hiyo haitokei au inatokea hafifu, na mahali pake pamelala vizuri, pana mng'ao sawa na uwanja (sehemu bapa isiyo na picha) unaozunguka. Kitu kigeni kama uzi au kipande cha metali kikiangukia kati ya muhuri na kisahani, kinaacha alama iliyozama, safi, yenye umbo la kitu chenyewe na isiyo na vilima. Ndiyo, hii ni iliyozama na bado ni kosa. Ndiyo maana kanuni ya hatua ya tano haitoshi peke yake.

Yule simba asiye na uso? Tulimtazama. Sehemu zilizopotea zilikuwa zile zilizoinuka zaidi, na kila kilichoinuka kiasi hicho upande ule kilikuwa kimelika vilevile, ukingo ukiwemo. Kuchakaa huanza juu kwenda chini. Grisi haifuati kimo: inaweza kufuta herufi mbili za pembeni na kuacha pua ya mtu ikiwa kali kabisa. Ukiona sehemu moja hafifu, tafuta sehemu nyingine yenye kimo kilekile. Ikiwa zote zimefifia, sarafu imechakaa.

7. Geuza uone upande wa pili unasemaje. Kosa la ugongaji karibu kila mara linaacha habari pande zote mbili, maana mihuri inabana kwa pamoja. Sarafu iliyogongwa kombo, picha ikiwa imehamia pembeni na kuacha hilali tupu, lazima iwe na utupu unaoendana upande wa pili. Ikiwa upande mmoja umehama na mwingine uko katikati, kuwa na sababu nzuri sana kabla hujaamini.

Hapohapo kagua mwelekeo. Ishike kwa juu na chini kati ya vidole viwili, kichwa kikiwa wima, kisha izungushe kushoto kwenda kulia. Fanya hivyo kwa zile za kulinganishia. Kama zote upande wa pili unasimama wima na yako imelala au imepinduka, una muhuri uliozunguka, na hilo mtaa hauwezi kulifanya. Binafsi naona hili ndilo kosa linaloweza kumwangukia mtu wa kawaida anayekagua chenji yake, na ndilo lisilotazamwa na yeyote, kwa sababu halionekani ukitazama upande mmoja. Angalizo: baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, hugonga sarafu zao zikiwa zimepinduka kwa makusudi. Linganisha na ndugu zake, usilinganishe na sarafu ya nchi nyingine.

8. Herufi au namba zilizojirudia, zichunguze kwa ubaridi. Kuna kujirudia kwa namna mbili. Ya kwanza iko kwenye muhuri wenyewe: ulichongwa ukiwa na picha mbili zilizopishana, na kila sarafu iliyotoka chini yake inafanana. Senti moja ya Marekani ya 1955 ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Mwaka na maandishi yake vinaonekana viwili hata bila lenzi. Kwa namna hii kila nakala ya herufi ni mviringo, ina kimo chake, na pembeni pana mpasuko mdogo zinapoachana.

Ya pili hutokea muhuri ukitikisika wakati wa kuachia sarafu. Unaacha kama ngazi bapa, iliyolala chini kando ya herufi, na herufi yenyewe inakuwa nyembamba kuliko ya jirani. Hii imejaa kila mahali na wakusanyaji hawaihangaikii. Katika picha ninazopokea za "herufi mbili", ngazi bapa ndiyo inayoongoza.

9. Andika, piga picha, ihifadhi. Thamani, mwaka, uzito, kipenyo, sumaku, na umeikuta wapi. Piga picha pande zote mbili na ubavu, ukiwa na sarafu ya kawaida pembeni yake. Iweke kwenye karatasi kavu au kifuko kisicho na mafuta, mbali na unyevu. Usiichanganye na funguo.

Mitego ya mafundi na wenye utani

Kuna uharibifu usio wa bahati mbaya. Huu unahitaji macho zaidi.

*Sarafu mbili zilizobanwa kwenye jiriwa.* Upande mmoja unakuta maandishi yaliyozama na kugeuka kama ya kwenye kioo. Kosa la kweli linalofanana na hili lipo: sarafu iliyotangulia hunasa kwenye muhuri na kumgonga anayefuata. Tofauti ni kwamba ya kweli ina picha iliyozama *badala ya* picha ya kawaida ya upande huo, na imeenea vizuri. Ya jiriwa ina herufi zilizozama *juu ya* picha ya kawaida iliyopondeka.

*Vichwa viwili.* Chukulia kwamba ni ya mcheza mazingaombwe hadi ithibitike vingine. Huchimbwa moja, nyingine ikasagwa na kuingizwa ndani. Tafuta mstari wa kiungo, mara nyingi umefichwa pale uwanja unapokutana na ukingo wa ndani. Iangushe kidogo juu ya mbao karibu na ya kawaida: ya kuungwa hutoa sauti iliyokufa.

*Mia nyeupe.* Ngozi ya brasi ikiondolewa kwa tindikali, chuma cha chini kinabaki kijivu. Kosa la kweli, yaani kisahani kilichogongwa bila kuvikwa, lipo, lakini herufi zake huwa kali na uwanja unang'aa. Ya tindikali ina uso wenye vitundu kama ganda la chungwa, herufi zimelainika, na mikunjoni karibu na herufi bado utakuta mabaki ya njano.

*Jero ya dhahabu na mia ya bluu.* Moto, rangi au kuchovya. Mkaa tu wa jiko unatosha kubadili rangi ya sarafu.

*Matundu.* Senti 5 na 10 za Afrika Mashariki zina tundu katikati, lililotobolewa kwenye kisahani kabla ya kugongwa, kwa hiyo mdomo wa tundu umebanwa na kulainika. Tundu lililotobolewa na drili, kwa ajili ya mkufu au washa ya baiskeli, limekata picha na lina mdomo mkali wenye mistari ya mzunguko. Kinyume chake, ukiletewa ya tundu isiyo na tundu, tazama katikati kwa mwanga wa mlalo kama kuna duara la kiraka.

Ukikwama

*Mwaka hauonekani kabisa.* Mwingereza aliwahi kutoa pensi 20 zisizo na mwaka: 2008 michoro ilibadilishwa, mwaka ukahamishiwa upande wa kichwa, na muhuri wa kichwa wa zamani ukaunganishwa na muhuri mpya wa upande wa pili. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kwa sarafu yako, laza mwanga pale mwaka unapokaa. Ukiona vivuli vya namba au mikwaruzo ya kusagwa, ulikuwepo ukaondolewa.

*Uzito unabadilika kila ukipima.* Betri imechoka, au feni inapuliza. Zima feni, weka mizani mahali pasipoyumba, pima sarafu ya kawaida kabla na baada.

*Dalili zinapingana: ukingo unasema kosa, uwanja unasema kipigo.* Vyote vinaweza kuwa kweli. Sarafu yenye kosa nayo ilitumika daladala. Tenganisha alama moja moja, kila moja uipitishe hatua ya tano na ya sita peke yake.

*Ngozi ya juu inabanduka.* Kama ni sarafu ya metali moja na kipande kimeachia kama ganda, huenda bamba lilikuwa na uchafu ndani, na hilo ni kosa la kisahani. Kama ni mia au jero na chini yake pana kutu, ni hali ya hewa yetu. Sumaku na rangi ya chini vitakujibu.

*Nimepata nyingi zinazofanana.* Hiyo ni habari njema kuliko kupata moja. Muhuri mbovu hugonga maelfu, kwa hiyo sarafu mbili zenye ufa uleule mahali palepale zinathibitishana. Mikwaruzo miwili ya mtaani haifanani hivyo.

*Fundi wa simu kanitazamia kwa darubini yake akasema ni kosa.* Darubini inakuza, haiamui. Rudi na sarafu za kulinganishia, mweke naye atazame zote bila kumwambia ipi ni yako.

*Mtu anataka kuinunua kwa mamilioni.* Hadithi hizi tunazijua tangu zile za rupia za Mjerumani zinazosemwa zina zebaki ndani. Akitaka utume kwanza "hela ya vipimo", au "ya kibali", au akuombe umwachie sarafu akaipeleke kwa tajiri wake, funga mazungumzo. Mnunuzi wa kweli ataomba picha za pande zote, uzito na kipenyo, ambavyo ukiwa umefuata hatua ya tisa unavyo tayari, na atakuja kuiona sarafu mezani mbele yako. Ile iliyobainika ni kipigo cha mtaani tu, kama ni ya sasa na bado inasomeka, mpe konda.